Zamu ya Shangazi Kuondoka

Shangazi yangu hulala akiwa ameketi. Hupindua ndoo kando ya ukuta wa banda la kukamulia, huegemeza mgongo na kufunga macho, na mikono yake hubaki magotini ikiwa imekunjwa kidogo, kana kwamba bado imeshika chuchu. Mbuzi akikohoa upande wa pili wa banda, hufumbua macho. Akilia mwanambuzi, huwa amekwisha kusimama kabla hajajua kwamba ameamka. Watu humsifu kwa hilo, ila yeye mwenyewe haoni kuwa ni sifa. "Ni ugonjwa tu," husema, "na dawa yake haimo kwenye sanduku lako." Sanduku analolitaja ni langu. Mimi ni mtoto wa kaka yake. Nilisomea afya ya mifugo chuoni, na katika shamba hili kazi yangu ni sindano, minyoo na kwato.

Shamba si lake. Alikuja hapa akiwa mke wa mtunza mbuzi. Mumewe alipofariki, mbuzi walibaki mikononi mwake pamoja na binti mdogo. Binti akakua, akaolewa, akahamia mji ulio mbali kwa safari ya kutwa nzima. Mbuzi hawakuhama.

Zamani palikuwa na wakamuaji wa kuajiriwa. Walipoacha kazi mmoja baada ya mwingine, mwenye shamba, mzee mpole anayeijua kompyuta kuliko anavyoijua mifugo, aligundua kwamba wapo vijana wa mijini wanaozunguka nchi za watu wakiwa na mabegi mgongoni, walio radhi kufanya kazi nusu ya siku kwa chakula na kitanda. Akaweka picha za mbuzi mtandaoni, na tangu hapo hawajakoma kuja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi huwapa jembe kabla hawajatua mabegi, nao kwanza hulipiga picha.

Kila kundi Shangazi hulifundisha upya. Namna ya kuosha kiwele na kukikausha; namna ya kubana juu ya chuchu kwa gumba na shahada, ndipo vidole vingine vifuate; namna ya kumsogelea mbuzi kwa ubavuni ukiwa unaongea, usije ukamshtua. Siku za mwanzo maziwa humwagika, mbuzi hupiga teke, mtu hulia. Kisha mikono huanza kuelewa, na mikono ikielewa tu, begi hufungwa. Hukumbatiana naye getini, humwachia vitu wasivyoweza kubeba, na huenda. Ndiyo maana Shangazi hukamua akiwa amevaa koti lenye jina la chuo kikuu asichokijua, na soksi zake hazifanani.

"Nimekuwa kama stendi," aliniambia siku moja tukisuuza madumu. "Kila mtu ananishukuru, hakuna anayebaki."

Majina yao aliacha kujifunza. Wa mwisho kufika walikuwa wawili, marafiki kutoka mji mkuu wa nchi jirani. Msichana alikuwa ameacha kazi benki ili aione dunia. Shangazi akamwita Mhasibu. Kijana alikuwa na miwani minene iliyojaa ukungu kila alipoinama juu ya ndoo ya maziwa ya moto. Akaitwa Miwani, basi. Miwani alikuja na gitaa, na jioni akakaa juu ya uzio akiwapigia mbuzi.

"Mimi nilidhani ni msemo tu," Shangazi alisema. "Kumbe yupo mtu anampigia mbuzi gitaa kwelikweli!"

"Wanasikiliza, Shangazi. Watazame."

"Wanatafuna, mwanangu. Wangekuwa wanasikiliza wangekimbia."

Miwani alicheka mpaka akakaribia kuanguka kutoka kwenye uzio. Walikuwa watu wema, na, jambo lisilo la kawaida, walikuwa hodari. Mhasibu alikuwa na vidole vyepesi. Hata Mkwe alimkubali. Mkwe ni mbuzi jike mweupe, mwenye maringo, ambaye Shangazi alimpa jina hilo kwa sababu hukamuliwa kwa heshima na kwa kuombwa radhi. Wakati huo Mkwe alikuwa ndiyo kwanza amezaa mapacha, jike na dume.

Kwa sababu ya hao wawili, mwenye shamba alimwambia Shangazi kwamba sasa anaweza kwenda likizo. Binti yake alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza. Harusi ya binti huyo Shangazi hakuihudhuria, kwa kuwa wiki ile mbuzi waliharisha. Binti alipohamia nyumba yake, Shangazi hakwenda, kwa kuwa kundi la wageni lilikuwa limeondoka ghafla. Safari hii binti alipiga simu mapema, na kwa kuwa Shangazi huweka simu kwenye spika ili mikono iendelee na kazi, sote tulisikia.

"Mama, usije ukaniambia habari za mbuzi tena. Usipokuja, nitamwambia mjukuu wako bibi yake ana pembe."

"Nitakuja."

"Ulisema hivyohivyo kwenye harusi."

Shangazi aliendelea kukamua, ila kwa muda maziwa hayakutoka.

Siku ya safari ilipangwa ifuate gari la maziwa, ambalo huja mchana na kurudi mjini, kwenye mabasi. Asubuhi nilimkuta chumbani kwake ameketi ukingoni mwa kitanda. Begi lilikuwa limefungwa tayari, na gauni lake la bluu, ambalo lilikuwa limening'inia ukutani tangu mwaka wa harusi ile, sasa lilikuwa mwilini. Lilikuwa limempwaya mabegani.

"Shikamoo, Shangazi. Umependeza."

"Marahaba. Nimepungua," alisema. "Niache nikae kidogo. Sijui mtu asiye na kazi asubuhi hufanya nini."

Nilimwacha, nikapita uani. Hapo ndipo niliposikia harufu ya waridi.

Mhasibu na Miwani walikuwa kwenye bomba, kila mmoja amempakata mwanambuzi mmoja wa Mkwe ndani ya taulo. Manyoya ya wale watoto yalikuwa yamesimama, meupe, laini kama pamba, na shingoni walikuwa na utepe mwekundu.

"Dada, waone!" Mhasibu alisema kwa furaha. "Tunawapiga picha na Shangazi, akamwonyeshe binti yake. Ni zawadi. Na tumetumia maji ya uvuguvugu, usiogope. Tumewakausha vizuri na mashine ya nywele."

"Mmewaogesha kwa sabuni?"

"Yangu ya waridi. Haiwashi kabisa, hata watoto wachanga wanaogeshwa."

Mbuzi hamtambui mwanawe kwa sura. Humtambua kwa pua, chini ya mkia, na harufu hiyo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Hao wawili walikuwa wamekiosha, wakakisuuza, wakakikausha kwa hewa ya moto.

Tuliwarudisha zizini mbiombio. Mkwe alikuja akiita, akamnusa wa kwanza, akapiga chafya. Akarudi nyuma. Yule mtoto, asiyejua lililompata, akajipenyeza chini ya tumbo kutafuta chuchu. Mama yake akageuka, akainamisha kichwa na kumtupa ukutani. Wa pili hakuachwa hata akaribie.

"Anafanya nini?" Miwani aliuliza. "Mkwe! Ni wanao hao!"

Shangazi alikuwa amekwisha kusikia kilio cha mwanambuzi. Aliingia na gauni lake la bluu, akasimama mlangoni, akavuta pumzi.

"Mbona banda linanukia kama saluni?"

Mhasibu alimweleza huku akibubujikwa na machozi. Miwani aliongeza, si kwa kujitetea, bali kama mtu anayejiuliza, "Lakini Shangazi, ulisema usafi kwanza. Kila siku ulisema."

"Nilisema," alijibu. Hakupaza sauti. Nadhani sauti ya kupaza hakuwa nayo. "Nilisema kiwele, nikasema mikono, nikasema ndoo. Nimelisema neno hilo kwa watu wengi mno, mpaka nikawa silimalizi. Haya. Nileteeni kamba."

Akapiga magoti kwenye matandiko machafu, gauni na vyote. Mkwe tulimfunga kichwa kwenye nguzo. Shangazi akamkamua kidogo kiganjani, akawapaka watoto maziwa yale mgongoni na chini ya mkia. Akachukua nyasi zilizolowa mkojo wa mama yao, akawasugua nazo bila huruma mpaka weupe ukaisha. Kisha akamwegemea Mkwe ubavuni kwa bega, akamshika mguu wa nyuma, akamwacha mtoto mmoja anyonye, akasubiri. Mkwe alipotulia, alilegeza mkono. Mkwe aliporuka, aliukaza tena. Ni kazi isiyo na ujanja ndani yake. Anayechoka wa kwanza ndiye anayeshindwa, na Shangazi aliianza akiwa amekwisha kuchoka.

Jua lilipanda. Jike akakubaliwa: Mkwe alimnusa, akasita, akatoa ule mlio mdogo wa kooni ambao mbuzi humtolea mwanawe tu. Dume bado alikuwa ananukia waridi. Kila alipopelekwa, alipigwa. Shangazi akafumba macho huku bado ameushika mguu wa mbuzi, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kwamba hataamka hata akilia mwanambuzi.

Nilikwenda chumba cha wageni kuchukua taulo kavu, kwa kuwa yule dume alikuwa anatetemeka. Niliwakuta Mhasibu na Miwani wamefunga mabegi. Gitaa lilikuwa ndani ya mfuko wake.

"Tunaondoka na gari la maziwa," Mhasibu alisema bila kunitazama. "Tumeharibu. Ni heri tumwondolee Shangazi mzigo."

Dereva wa maziwa tayari alikuwa anapiga honi getini, na kwenye gari lake, ukiondoa madumu, nafasi ni ya watu wawili tu. Nikarudi zizini, nikamwambia Shangazi kila kitu, maana alikuwa na haki ya kujua ni nani watakaokalia kiti chake.

Alinyanyuka kwa kushika nguzo. Alitembea uani polepole, nyasi zimemganda gotini, akiwa amemkumbatia dume mdogo kifuani. Wale wawili walikuwa wamefika karibu na geti. Dereva, asiyejua kitu, alitoa kichwa dirishani.

"Mama, leo umependeza! Nani anaoa?"

"Ngoja," Shangazi alimwambia. Kisha akawageukia wale wawili. "Mnakwenda wapi?"

"Shangazi, tusamehe," Mhasibu alisema. "Tumekuharibia safari. Sisi hatufai kazi hii. Tunakwenda zetu, tusizidi kukuchosha."

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," Shangazi alisema. "Mnaniona nimebeba, mnadhani ni mwepesi. Mnajua kilichonichosha? Si kosa lenu. Wote wanakosea. Yule wa kabla yenu aliacha geti wazi, beberu akala nguo za mwenye shamba. Kinachonichosha ni kwamba mtu akishakosea ndipo anaanza kujua, na akishaanza kujua ananiaga." Alimpandisha mwanambuzi kifuani. "Kila siku nasimama getini hapa napunga mkono. Leo zamu ya kuondoka ni yangu."

"Lakini akifa?" Miwani aliuliza, macho kwa yule mtoto.

"Anaweza akafa. Hata nikiwepo mimi anaweza akafa. Tofauti ni kwamba nikiwepo mimi, ninyi mtakuwa mmelala." Akampa Mhasibu mwanambuzi. "Mshike. Si hivyo, utamkaba. Shika kama unavyolishika begi lako penye wezi. Hivyo. Mama yake mjaribuni mpaka kesho. Akimkataa, mpeni chupa. Maziwa yawe ya joto la mkono, yasiwe ya moto. Mtoto wa kaka yangu atawaonyesha. Na gitaa litoe kwenye mfuko. Kama halimsaidii mbuzi, litakusaidia wewe usisinzie."

Hakuna aliyecheka isipokuwa dereva. Miwani aliteremsha begi kwanza, taratibu, kana kwamba ndani mna mayai. Mhasibu hakuwa na mkono wa kuteremshia lake, nikamvulia mimi.

Nilimletea Shangazi begi lake, na kitambaa cha kujifuta. Alilitazama gauni, akaona kufuta hakutasaidia.

"Dirisha utafungua, Mama," dereva alisema akiziba pua.

"Wewe unabeba maziwa. Unadhani yanatoka kwenye bomba?"

Alipanda. Nilitaka kumwambia neno, safari njema, msalimie dada, lakini kabla gari halijamaliza kugeuka, kichwa chake kilikuwa kimekwisha kulala kwenye kioo. Hakupunga mkono. Aliyepunga ni Mhasibu, kwa ncha za vidole, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

Kesho yake, wakati wa kukamua, binti yake alinipigia.

"Dada, tumepata mtoto wa kike. Asubuhi hii."

"Hongera! Na Shangazi alifika?"

"Alifika ananuka beberu, manesi wanamshangaa. Alinishika mkono mpaka mwisho. Sasa yupo hapa kwenye kiti, amelala. Mtoto analia sikioni mwake kabisa, hasikii. Mama yangu mimi, hasikii! Nimewaambia wasimwamshe."

Nyuma yangu, Miwani alikuwa amepiga magoti na chupa, macho mekundu. Mkwe alikuwa amemkataa dume moja kwa moja. Wale wawili walikuwa wamepokezana kumlea bila kupumzika, na bado alinukia waridi kwa mbali. Wakati huo aliiachia chupa, akalia mara moja, kwa nguvu.

Upande wa pili wa simu nikasikia kiti kikilia sakafuni.

"Yule ni dume," sauti ya Shangazi ikasema. "Nani yuko naye?"

"Miwani, Shangazi. Mkwe amemkataa, lakini ananyonya chupa."

"Maziwa si ya moto?"

"Si ya moto."

Nilisubiri aseme jambo jingine, kuhusu mjukuu, au kuhusu siku ya kurudi. Kisha nikasikia pumzi yake, ndefu, ikipanda na kushuka karibu kabisa na simu. Alikuwa amelala tena, nami sikukata simu mpaka dume alipomaliza chupa.