Nilivyolishwa Chakula cha Mzazi

Mwaka niliotimiza miaka kumi na tisa nilikuwa mwembamba kiasi kwamba mvua ikinyesha ilinikosa. Mchana nilipiga randa kwenye karakana ya vitanda hapa Bagamoyo, magharibi ikipita nilikaa kwenye dawati la shule ya jioni nikitafuta cheti cha kidato cha nne, na katikati ya hayo mawili, baada ya swala ya alasiri, nilikwenda kunyanyua vyuma.

Nasema vyuma kwa heshima tu. Kilichokuwepo nyuma ya kibanda cha fundi wa kuchomelea mageti ni bomba moja nene na makopo ya rangi yaliyojazwa saruji, kila kopo limepimwa kwenye mizani ya muuza samaki na kuandikwa uzito wake kwa rangi nyekundu. Fundi mwenyewe ndiye aliyekuwa mwalimu wetu. Alijifunzia jeshini, na alikuwa na shingo ambayo ungeweza kuiegeshea pikipiki. Siku ya kwanza nilimwona akiinua kilo mia kutoka chini mpaka juu ya kichwa, kisha akasimama nazo huko juu akiuliza nani kaacha maji yanamwagika. Nilisahau kufunga mdomo. Sikujua binadamu anaruhusiwa kufanya vile. Nilikitaka kitu kile kuliko nilivyokitaka cheti.

Lakini kwa miezi minne nilikwama kwenye kilo arobaini na tano. Wenzangu nilioanza nao walikuwa wameshapita sitini. Siku niliyozimia kwa mara ya pili, nilizinduka nikamkuta mwalimu amechuchumaa ananipepea kwa kofia yake.

"Umekula nini leo?"

"Wali, mwalimu."

"Kiasi gani?"

"Wa kutosha."

"Wa kumtosha nani?"

Hapo ikabidi nimweleze habari ya sinia. Kwetu wanaume tulikula sinia moja: baba, baba zangu wadogo wawili, na mimi. Aliyelelewa nyumba kama yetu anajua kwamba mdogo haonyeshi njaa. Unakula kilicho mbele yako, mkono wako hauvuki, samaki unangoja mkubwa akumegee, na mkubwa akisema alhamdulillahi mikono yote inatoka, hata kama wako ndiyo kwanza umeanza kuzoea joto. Na baba yangu alikuwa mtu wa matonge sita. Tonge la saba sikuwahi kuliona. Nikiulizwa kama nimeshiba, nilisema nimeshiba, na tumbo likinguruma nilikohoa ili lisisikike.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia.

"Mimi sitaki mtu afie chini ya bomba langu. Dada yako kajifungua juzi, sivyo? Basi nakupa muda mpaka atoke arobaini. Siku hiyo utainua kilo sitini mbele yangu, toka chini mpaka juu. Ukishindwa, kapige randa zako, hapa usirudi."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana niliogopa.

Dada yangu alikuwa amekuja nyumbani kuzaa mtoto wake wa kwanza, kama desturi ilivyo. Huku kwetu mwanamke aliyetoka kujifungua tunamwita mzazi, na mzazi kwa siku arobaini hana kazi ila mbili, kunyonyesha na kula. Mambo hayo nilikuwa nayajua kwa kusikia tu. Kwa macho niliyaona asubuhi mama aliponituma nipeleke maji ya moto chumbani kwa dada.

Wallahi, nilidhani kuna harusi mle ndani. Kulikuwa na uji wa mtama wenye pilipili manga ya kumwamsha aliyezikwa, na donge la samli likielea juu kama kisiwa. Pembeni supu ya kuku wa kienyeji ilikuwa inangoja zamu yake. Na hiyo ilikuwa asubuhi tu. Adhuhuri lilikuja sinia zima la wali wa nazi na mchuzi wa papa, la mtu mmoja, halafu tende, halafu mayai, halafu, ili dada asije akasahau kwamba anakula, uji tena. Yeye mwenyewe alitoka hospitali uso umepauka kama jivu, hata bakuli alilishika kwa mikono miwili. Mama alisimama mbele yake na upawa kama askari wa zamu.

"Nimeshiba, mama."

"Mzazi hashibi. Kula."

Shule ya jioni walikuwa wametuchorea ubaoni jinsi chakula kinavyogeuka damu na nyama. Nilinakili mchoro ule vizuri sana bila kuuamini. Sasa niliuona ukitembea. Siku ya kumi kucha za dada zilikuwa zimerudi rangi. Siku ya kumi na mbili alinishika mkono kunizuia nisimwamshe mtoto, nikaona vidole vyake vimeacha alama kwenye ngozi yangu. Na huyo mtoto, ambaye tangu azaliwe hajaonja kitu ila maziwa, nikimwacha asubuhi nikaenda karakana, nikirudi mchana namkuta keshakuwa mtu mwingine mnene zaidi. Hakuna mnyanyua vyuma aliyepata kunishangaza kama yule.

"Wewe, mjomba wake," dada aliniita siku hiyohiyo kwa sauti ya chini. "Njoo unimalizie hiki kabla mama hajarudi. Nitapasuka."

Nilikuwa nimejibana nyuma ya pazia, bakuli mdomoni, mama alipoingia.

"Wewe umezaa nini?"

"Sijazaa, mama."

"Mbona unakula cha mzazi?"

Nikasema yote. Bomba, kuzimia, kilo sitini, arobaini. Nilipofika kwenye matonge sita, mama alikaa kitandani. Aliushika mkono wangu juu ya kiwiko, akaugeuzageuza kama anachagua muhogo.

"Miaka yote hiyo unaniambia umeshiba," akasema. Akauachia mkono. "Baba yako nitamwambia mimi."

Kesho yake asubuhi mabakuli yalikuwa mawili.

Nilidhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo inaanza. Kuinua bomba ni kazi ya dakika moja, lakini bakuli lile la pili linakutazama nusu saa. Nilitoka jasho nikiwa nimekaa. Pilipili manga ilinipandia puani ikanitoa machozi, na dada, aliyekuwa amenitangulia siku kumi na mbili kwenye mchezo huo, akanifundisha kupumua kati ya mafunda. "Usiliangalie bakuli. Angalia ukuta," alikuwa akisema. Tulikula tumeelekea ukuta kama tuliopewa adhabu.

Habari haikukaa ndani. Baba zangu wadogo walinipokea kwenye sinia kwa mashairi.

"Mzazi wa pili kaamkaje leo? Maziwa yanatoka?"

"Msimwudhi, yasije yakakauka."

Kule kwenye vyuma mwenzangu mmoja alikuja na kanga ya mkewe akanifunga kiunoni. "Jisitiri, mzazi, baridi isikuingie." Walicheka mpaka bomba likakosa wa kulishika. Nami nilinyanyua makopo yangu na kanga ileile kiunoni, kwa sababu siku hiyo, kwa mara ya kwanza, kilo hamsini zilipanda.

Baba peke yake hakusema neno. Nilimwogopa kuliko utani wote ule, maana kijana wa kiume kula chumba cha mzazi si jambo la kujisifia. Jioni moja kwenye sinia alikula matonge yake sita, nikaanza kuutoa mkono. Baba hakusema alhamdulillahi. Alifinyanga tonge la saba. Alilitafuna polepole sana, akiangalia mlangoni, na nikaona wazi kwamba hana njaa. Akafinyanga la nane. Baba zangu wadogo walitazamana, nao wakairudisha mikono yao kwenye sinia. Tonge la tisa baba alilifinyanga dogo kama kokwa ya ukwaju, akakaa nalo vidoleni. Mkono wake ulibaki kwenye sinia, na kwa hiyo wangu nao ulikuwa na ruhusa ya kubaki. Nilikula nimeinamisha kichwa. Mpaka leo naviona vidole vile vimeshikilia punje za wali bila sababu yoyote ila mimi. Alifanya vile kila jioni mpaka arobaini ikatimia.

Siku yenyewe asubuhi mtoto alitolewa nje, akaonyeshwa jua, akalipigia chafya. Alasiri nikaenda kibandani. Mwalimu alikuwa ameshapanga makopo, ya pande zote mbili pamoja na bomba yakitimiza kilo sitini kamili. Wenzangu walikaa kwenye matofali. Kanga haikuletwa. Baba naye alitokea, akasimama kando akikagua geti ambalo halikuwa na uhusiano wowote na nyumba yetu.

Mara ya kwanza nililifikisha mabegani likanikalia. Nikaliachia, kopo moja likameguka ukingo. Mwalimu alilitazama lile kopo, akanitazama mimi.

"Unayo moja tu," akasema.

Nilipumua kama nilivyofundishwa chumbani kwa dada, macho ukutani. Nikashika. Bomba likatoka chini, likapita magoti, likatua mabegani, na safari hii mabega yalikuwepo. Nikasukuma. Likapita kidevu, likapita paji la uso, nikaona mikono yangu mwenyewe inanyooka juu kabisa.

Kelele walipiga, wananiambia, lakini sikuzisikia. Kilo sitini zilikuwa zimetulia juu yangu, na chini yake nilihisi ule uji, wale kuku, papa, samli, na matonge yote yale yaliyotoka kwenye sinia la baba, vyote vimesimama ndani ya mifupa yangu vimeshikilia.

"Shusha," mwalimu akasema. "Nimeona. Kesho unaanza na sitini na tano."

Nilimsikia vizuri. Baba alikuwa ameliacha geti anatazama. Sikushusha. Niliendelea kuangalia juu, kama mtu aliyeonyeshwa kitu ambacho hakijui, mpaka mwalimu akaniambia tena.