Sungura Mikononi mwa Mama Mkwe

Mwanzoni nilidhani binti yangu amemmwagia sungura wake maji. Manyoya ya chini ya jicho la kushoto yalikuwa yamelowa na kushikana, kama mtu aliyenawa uso upande mmoja akaitwa kabla hajamaliza. Nikampangusa kwa pindo la kanga, nikarudi barazani kwenye cherehani yangu. Mchana nilipokwenda kumpa majani ya kabichi, pale pale palikuwa pamelowa tena.

Ulikuwa mwisho wa kiangazi. Kwetu Misunkumilo vumbi lilikuwa limeingia mpaka kwenye vyombo vya chakula, na waliokuwa wakisafisha mashamba walikuwa wanachoma majani, moshi unatua juu ya mabati. Kila mtu alikuwa anajikuna macho. Nikajiambia ni vumbi hilo hilo. Nikachemsha maji, nikatia chumvi kidogo, yakipoa namsafisha kwa pamba, na boksi lake nikalitoa karibu na jiko nikaliweka chumbani kwa mtoto.

Sungura huyo tuliachiwa na jirani yetu, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa mkoa mwingine. Binti yangu alimpokea kama mtu anayepokea mgeni wake mwenyewe. Baba yake alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu, anarudi nyumbani akipata nafasi, na mimi muda mwingi nilikuwa na pini mdomoni na nguo za watu mapajani. Kwa hiyo habari za shule zilikuwa zinamfikia sungura kwanza. Nilizisikia kupitia pazia la chumba: nani kapigana na nani, mwalimu kasema nini. Ndiyo maana jicho lile lilinikosesha raha mapema, hata kabla sijajua kama kuna sababu.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe wangu akafika kutoka kijijini, upande wa Mpimbwe, ambako familia ya mume wangu ilihamia na ng'ombe wao wakitokea Usukumani. Mimi ni mtoto wa watu waliokuja kutoka Burundi. Nilizaliwa hapa hapa kwenye makazi ya wakimbizi, nikasoma hapa, nikaolewa hapa. Mama mkwe hakuwahi kuipinga ndoa yetu kwa mdomo. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kulikuwa bado kunanitisha baada ya miaka yote ile. Akija, napiga goti namsalimia, napokea mzigo wake, na tangu hapo hadi anaondoka nyumba ni yake.

Alimwona sungura kabla hajakaa vizuri.

"Huyu mbona anaumwa?"

"Ni vumbi, mama. Namsafisha."

Akamshika shingoni na kiunoni, akamgeuza uso kwenye mwanga. Sungura ambaye huwa anarusha miguu hata kwangu alitulia. "Vumbi linatoa machozi macho yote mawili," akasema. "Hili ni jicho moja."

Nikajua amesema kweli, na nikachukia kwamba ni yeye aliyesema.

Nikaenda mjini kwenye duka la dawa za mifugo, nikaeleza, nikapewa dawa ya macho ya kupaka. Nikampaka asubuhi na jioni, binti yangu akimshikilia kwa taulo. Machozi hayakukata. Yalizidi kuwa mazito, yakawa meupe kama uji, na manyoya ya shavuni yakaanza kunyonyoka, ngozi ikaonekana nyekundu. Kisha nikaona kidevu nacho kimelowa mate. Ugali aliokuwa anaupenda aliunusa akauacha. Mkate akaung'ata upande, ukamdondoka.

"Mama, hajala tangu jana," binti yangu akaniambia akiwa amevaa sare za shule, begi mgongoni. "Na hajanya. Nimeangalia kote."

"Nenda shule. Nitamwangalia."

"Nikirudi nitamkuta?"

Nikamwambia atachelewa.

Nikampigia simu mume wangu. Kelele za mashine zilikuwa zinatumeza. Nikamweleza, akacheka kidogo, kisha akaona sicheki. "Mwachie mama," akasema. "Mama ametibu ng'ombe maisha yake yote. Mwachie afanye anavyojua." Mtandao ukakata.

Sijui kama mama mkwe aliyasikia maneno hayo. Nilirudi barazani, nikakuta mteja wangu mmoja amekuja kujaribu gauni, na jirani wawili wamekaa kwenye mkeka wakimsubiri. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, sungura amebanwa katikati ya magoti yake, na mashavu yake mwenyewe yalikuwa yanatembea. Alikuwa anatafuna tumbaku.

Nilijua anachotaka kufanya. Nilishawahi kukiona kijijini: ng'ombe jicho likiota ukungu au likiingiwa na wadudu, mtu anatafuna tumbaku hadi inakuwa maji machungu, kisha anayatema kwenye jicho lile. Nimewaona ng'ombe wakipona. Lakini ng'ombe ana uso kama mlango. Huyu alikuwa na uso wa kuenea kiganjani, na jicho lenyewe lilikuwa limevimba, limechubuka pembeni kwa kujikuna.

"Mama," nikasema. "Tusubiri kidogo nimpeleke kwa daktari."

Hakuweza kunijibu, mdomo umejaa. Alinitazama tu, kisha akamfungua sungura kope kwa vidole viwili. Sungura akatetemeka mwili mzima. Mama mkwe akainama.

"Mana yanje!" nikamlilia Mungu wangu kwa Kirundi, lugha niliyokuwa naikwepa mbele yake. Sikukumbuka kupiga hatua. Nilijikuta nimemnyakua sungura kutoka magotini kwake, nimemkumbatia kifuani, kucha zake zimenikwaruza mkono. Maji ya tumbaku yakamwagikia goti la mama mkwe, kwenye kitenge chake.

Mteja wangu alisimama na gauni lenye pini. Jirani zangu waliangalia chini. Mkwe hamnyang'anyi mama mkwe kitu mkononi. Kwa watu wa mume wangu ni jambo la kuitiwa kikao, na hata kwetu lisingesamehewa hivi hivi. Mama mkwe alitema tumbaku pembeni. Akajifuta mdomo polepole. Nilisubiri anitukane. Angenitukana ningepata nafuu.

"Haya," akasema. "Twende kwa huyo daktari wako."

Sikuamini kama amesema "twende." Aliingia ndani, akatoka na kitenge kingine, amekifunga kwa heshima kama mtu anayekwenda kanisani. Wakati bajaji inageuza, binti yangu akatokea njiani akirudi mapumziko ya mchana, akaona boksi mikononi mwangu, akapanda bila kuambiwa. Tulibanana watatu nyuma. Kutoka nyumbani hadi mjini hakuna aliyesema neno isipokuwa dereva, aliyeuliza kama tunauza sungura.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamume wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimpapasa sungura tumbo, akasikiliza, akaminya polepole chini ya jicho. Kisha akamfunua midomo, na sote tukaona. Meno ya mbele yalikuwa yamerefuka na kujipinda, ya juu yameingia ndani ya kinywa, ya chini yametokeza mbele.

"Anakula nini?"

"Pumba, ugali, mkate, kabichi," nikasema.

"Nyasi?"

Binti yangu akasema, "Nyasi ni za mbuzi."

"Meno ya sungura yanakua kila siku mpaka anakufa," daktari akamwambia, taratibu. "Nyasi ndizo zinazoyasaga. Akila vitu laini hayasagiki. Yakizidi, na mizizi yake inasukuma huku juu, inabana mfereji wa machozi. Machozi yakikosa pa kupita yanatokea nje, yanaoza. Dawa mliyopaka si mbaya, ila haikuwa na njia ya kufika kwenye ugonjwa."

"Basi mtibu," mama mkwe akasema.

Daktari akavuta pumzi. "Mama, sitawaficha. Mimi kazi yangu hapa ni ng'ombe, mbuzi na mbwa. Sungura nimewatibu wachache. Huyu hajala, amechoka, nikimpa dawa ya usingizi anaweza asiamke. Nitamwekea matone ya ganzi tu. Lakini sungura akiogopa sana moyo unaweza kusimama mikononi mwa mtu. Ninahitaji mtu wa kumshika asicheze hata kidogo, na asimbane kifua."

Nikanyoosha mikono. Ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba hata binti yangu aliiona. Daktari aliitazama, akaendelea kumshikilia sungura.

Mama mkwe alinisogeza kwa kiwiko. Alifungua kitenge chake cha heshima, akamviringisha sungura mpaka kikabaki kichwa, akaweka kiganja kimoja nyuma ya masikio na kingine chini ya taya. Akainamisha uso wake mpaka karibu na masikio yale, akaanza kunong'ona Kisukuma, maneno nisiyoyajua, kwa sauti ambayo nadhani aliwahi kuwanong'onezea ndama.

Daktari alianza na meno. Alikuwa na kisu kidogo cha duara kinachozunguka kwa umeme, na kilipogusa jino kililia mlio uliopenya mpaka kwenye fizi zangu. Vumbi jeupe likaruka. Binti yangu alificha uso tumboni kwangu na kuuliza kila wakati, "Anapumua? Mama, anapumua?" Nilikuwa natazama kitenge. Kilikuwa kinapanda na kushuka haraka mno, kisha kikawa kama kimesimama.

"Anapumua," mama mkwe akasema bila kuinua uso.

Kisha matone. Kisha daktari akachukua bomba la sindano lililojaa maji ya chumvi, mbele yake kimrija chembamba kisicho na ncha kali, akakielekeza kwenye kitundu kilicho ndani ya kope la chini, kitundu nisichojua kama kipo. Alisukuma. Hakuna kilichotokea. Akatoa, akajifuta jasho kwa bega, akaingiza tena. Akasukuma polepole zaidi. Mishipa ya mikono ya mama mkwe ilikuwa imesimama, lakini vidole vilikaa laini kama alivyovipanga.

Puani mwa sungura likatoka tone jeupe. Kisha usaha, mzito, wenye harufu iliyonifanya nigeuke. Kisha maji. Daktari aliendelea mpaka maji yakatoka safi.

"Njia imefunguka," akasema, akavuta kiti, akakaa.

Tulirudi na matone ya macho na maelekezo ya kumlisha majani mabichi yaliyotwangwa, kwa bomba lisilo na sindano, kidogo kidogo, mpaka tumbo lianze kazi. "Asipokunya," daktari alituonya, "mnirudishie haraka. Hilo ndilo linaloua sungura, si jicho." Jioni ile na siku iliyofuata hatukuzungumzia kitu kingine nyumbani. Mama mkwe alimshika, mimi nikamlisha. Kitu pekee alichoniambia kilikuwa "polepole," au "kichwa juu." Nilikuwa nimebeba lile la barazani kifuani na sikujua pa kulitua.

Binti yangu ndiye aliyepiga kelele kutoka chumbani: "Amekunya! Bibi! Amekunya!" Akatoka mbio ameshika vidonge viwili vidogo vyeusi kiganjani, akatuonyesha kama dhahabu ya baba yake. Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikaa chini sakafuni nikalia.

Siku iliyofuata mama mkwe aliomba mundu. Tulikwenda wote wawili kwenye bonde nyuma ya nyumba, ambako nyasi zilikuwa bado mbichi, yeye anakata, mimi nafunga. Nikaona nikichelewa tena sitasema kabisa.

"Mama, nisamehe kwa jambo la juzi. Nilikunyang'anya mbele za watu."

Aliendelea kukata. "Ulininyang'anya."

"Ndiyo, mama."

"Mimi mama mkwe wangu sikuwahi kumnyang'anya kitu." Akainuka, akashika kiuno. "Mtoto wangu wa kwanza alipoumwa homa, mama mkwe alikuja na dawa yake ya mizizi. Niliona haifai. Nilimwona mtoto anavyolegea. Nikapiga goti, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa mkwe." Alifuta mundu kwenye nyasi, upande mmoja, kisha mwingine. "Alikuwa wa kike. Mume wako hajui kama kabla yake alikuwepo mwingine."

Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa, kisha nikaushika. Aliuacha ushikwe kwa muda, halafu akasema jua linakuwa kali na nyasi hizi zitanyauka.

Sungura hakupona kabisa. Manyoya yaliota tena shavuni, anakula nyasi siku nzima, lakini jicho lile bado linatoa machozi vumbi likizidi, na daktari hulazimika kuyasaga yale meno mara kwa mara. Ametuambia itakuwa hivyo maisha yake yote. Binti yangu humpangusa kabla ya kwenda shule, na mama mkwe akipiga simu kutoka kijijini humuulizia mgonjwa kabla hajaniuliza hali yangu.

Mume wangu alirudi kutoka machimboni siku chache kabla mama yake hajaondoka. Jirani walishamfikishia maneno njiani; nilijua kwa namna alivyoweka begi. Akamsalimia mama yake, akakaa, akaniangalia mimi, akamwangalia yeye.

"Mama, nimesikia maneno. Hapa kulitokea nini?"

Mama mkwe alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. "Kulitokea nini?" akasema. "Sungura aliumwa jicho. Tukampeleka kwa daktari, mimi na mke wako." Akapuliza makapi, akanisogezea ungo. "Bandika haya, mayu. Mumeo ana njaa."

Mayu ni mama, kwa Kisukuma. Hakuwahi kuniita hivyo. Nikachukua ungo, nikaenda kubandika maharage.