Siku Mfalme Alipovua Kilemba

Mama aliona sinema moja tu maishani mwake, akatulea nayo. Aliiona Shinyanga mjini, yeye na baba wakiwa wameoana karibuni, walipokwenda kuuza pamba. Ilikuwa ya Kihindi, ya mambo ya kale. Binti wa mfalme anampenda mtunza tembo, mfalme anamfukuza kijana, binti anagoma kusema na mtu yeyote. Miaka inapita. Mwishoni mfalme, mzee sasa, anaingia chumbani kwa bintiye, anavua kilemba na kukiweka miguuni pake. Mama akifika hapo aliacha kumenya karanga, akatukazia macho. "Mfalme mzima," alisema. "Kichwa wazi mbele ya mtoto wake."

Mama hayupo tena. Mimi nimerudi kwa baba, hapa Segese, baada ya kuvunjika kwa ndoa aliyonichagulia yeye. Nampikia, namfulia, namkumbusha dawa zake za presha. Majirani husema nina moyo. Sina moyo wowote. Nina hasira, na sina pa kwenda.

Kabla ya ndoa hiyo alikuwepo mwingine, kijana kutoka Kigoma aliyefanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Alikuja nyumbani na baba yake mdogo, mashati yamepigwa pasi, wakabisha hodi, wakamwamkia baba shikamoo. Baba akaitikia marahaba, kofia yake ya pama kichwani, akabaki amekaa. Hakuwapa viti. Kwetu hata mpita njia hupewa kigoda kwanza, maneno baadaye. Wale waliachwa wamesimama juani mpaka wakaelewa wenyewe, wakaaga.

"Mtu wa machimbo hana kwao," baba aliniambia. "Dhahabu ikihama, naye anahama. Utamtafuta wapi?"

Mtu huyo asiye na kwao ana nyumba Masumbwe, na mke, na watoto. Nilikutana nao mnadani. Alinisalimia kwa adabu, akaniulizia hali ya mzee. Afadhali angenipita kama hanijui.

Basi mwaka huu dada mmoja mwenye duka la kuingiza sinema kwenye flashi akaniambia amepata mpya ya Kihindi, ya wafalme. Alinionyesha kipande: ngome, tembo, binti aliyejitanda shela jekundu. Nikashtuka. Haikuwa ile ya mama, lakini ilikuwa damu yake, kama mjukuu anavyotembea mwendo wa bibi yake.

"Kilemba kipo?" nikamuuliza.

"Kipo, mwishoni. Mimi mwenyewe nililia."

Alitaka kunipa iliyotafsiriwa, ile ambayo mtu wetu anapiga domo juu ya kila wimbo. Nikakataa. Nilitaka safi. Na nisijifanye kwamba niliitaka kwa ajili ya starehe. Nilitaka baba aione.

Tuliiangalia Jumapili baada ya misa. Niseme kweli, ni picha nzuri hata kwa mtu mwenye kinyongo. Nguo za binti ni nzito mpaka unamwonea huruma anapopanda ngazi. Kuna ukumbi wa taa za mafuta, na anapopita anazizima kwa upepo wa shela lake, moja baada ya nyingine, wimbo ukizidi kushuka. Aliyeitengeneza amefuata nyayo za wazee wake. Haharakishi. Anaiacha kamera usoni mwa mtu mpaka mtu huyo akose pa kujificha, kama baba anavyosema walivyofanya wale wa zamani.

"Ile yetu haikuwa na rangi," baba alisema. "Nyeusi na nyeupe tu."

Mama siku zote alituambia shela lilikuwa jekundu. Alilipaka rangi mwenyewe, na huyu wa sasa, ng'ambo huko, akalipaka rangi ileile. Nilitamani sana mama angekuwa hai nimwambie.

Halafu mfalme akamfukuza mtunza tembo, na baba yangu akachemka. "Mzee huyu ana roho mbaya! Kijana kakosa nini? Kaja kwa heshima!" Alipiga goti kwa kiganja. Nilimwangalia yeye, sikuiangalia picha. Nyani haoni kundule. Niliuma meno mpaka taya likaniuma.

Tukafika pale pa kilemba. Mfalme akaingia, mvi tupu, anatembelea fimbo. Hakuna muziki. Akavua kilemba, kitambaa kirefu kikafunguka sakafuni mpaka kwenye vidole vya binti. Akasema maneno machache. Baba alikuwa analia waziwazi, mabega yanatikisika.

"Anasemaje?" aliniuliza.

Kihindi sikijui hata neno. Lakini maneno nilikuwa nayo, nimekaa nayo miaka.

"Anasema, mwanangu, nilikukosea. Aliyekuja kukuposa alikuja kwa heshima, nami nikamwacha amesimama juani. Sikumpa hata kiti."

Baba akatikisa kichwa, macho kwenye runinga. "Kweli. Kweli kabisa. Na binti anasemaje?"

"Hasemi kitu, baba. Anangoja."

Kisha baba akainua mkono taratibu, akavua kofia yake. Kofia ile huivua kanisani na kitandani tu. Nilikiona kichwa chake kilivyozeeka, na, Mungu anisamehe, moyo ulinipiga kama wa mtoto. Nilikuwa tayari kumsamehe kila kitu. Nilikwisha kuanza.

Akajifutia machozi kwa kofia, jicho hili, kisha lile. Akaipangusa kwenye suruali, akaivaa, akaikandamiza vizuri.

"Mayu," akasema, kwani akifurahi huniita mama kwa Kisukuma, "hawa Wahindi wanajua kutunga. Chai ipo?"

Nikaenda kuwasha jiko.