Jointi Chini ya Banda la Pombe

Kazi yangu ni nyaya za chini ya ardhi. Watu wa Sumbawanga wakisikia mwanamke anafanya kazi ya umeme, humtazama mikono kwanza, kisha huuliza kama anapanda nguzo. Nilipanda zamani, kabla sijazaa. Siku hizi nashughulika na kebo zilizofukiwa, ambazo wengi hawajui kama zipo mpaka siku zinapoharibika.

Mwaka ule mvua zilichelewa kuondoka. Pasaka ilikuwa imepita na bado Ufipa yote imelowa. Asubuhi ukungu ulilala juu ya mahindi mpaka jua lipate nguvu. Katika ukaguzi wa kawaida nilipima kebo inayotoka kituo chetu cha umeme kwenda hospitali. Kebo ya namna ile ina nyaya tatu za shaba, na kila waya umevikwa plastiki nene tunayoiita kihami, ambayo kazi yake ni kuzuia umeme usitorokee ardhini. Kihami kizima hakipitishi kitu. Hiki, kwenye waya mmoja, kilikuwa kinapitisha. Kidogo sana, lakini kinapitisha. Nikadhani ni unyevu wa ukungu kwenye ncha. Nikazifuta kwa spiriti na kitambaa kikavu, nikapima tena. Jibu likawa lilelile.

Nikaenda kwa mkuu wangu wa kazi, mtu mpole, ambaye hakupenda kuamua jambo kwa haraka.

"Hospitali umeme upo?" akaniuliza.

"Upo."

"Kuna aliyelalamika?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo unataka tuzime kebo inayofanya kazi, ili tuitafutie ugonjwa."

"Ugonjwa inao tayari, mkuu. Tunatafuta ulipo, kabla haijapasuka yenyewe."

Akazungusha kalamu yake mezani. Alijua kebo inavyopasuka: haichagui siku, na ikipasuka unafukua barabara nzima huku simu zinakulilia. Mwisho akapiga simu Mbeya kuomba gari la vipimo.

Hospitali nako ilibidi nijieleze. Sista mkuu wa wodi ya watoto njiti alinisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya mashine ya kupashia joto, ndani yake mtoto amelala na kofia ya sufi.

"Umeme umekatika?" akauliza.

"Haujakatika, sista."

"Utakatika lini?"

"Sijui. Huenda wiki hii, huenda mwakani."

Alinitazama kama anayepima kama mimi ni mzima. Kisha akasema, "Sawa. Nipe siku ambayo hakuna upasuaji. Na jenereta nataka niione ikiunguruma mwenyewe kabla hujagusa swichi yako."

Gari lilikuja na mtaalamu mmoja, mwanaume wa makamo aliyeshuka amejifunga skafu mpaka masikioni. "Mbeya nako kuna baridi," akasema, "lakini yenu ina upepo ndani yake." Tulizima kebo, jenereta ya hospitali ikachukua kazi, naye akaunganisha mashine yake upande wa kituo. Alinieleza huku anafunga vibanio, nami nilishukuru, maana nilikuwa nimeisoma tu. Kihami kinapoanza kuharibika hupata vitundu visivyoonekana kwa macho. Ukipandisha taratibu msongo, yaani nguvu inayousukuma umeme, ndani ya vitundu hivyo hutokea cheche ndogo, na kila cheche hutuma mshtuko pande zote mbili za kebo. Mmoja huja kwako moja kwa moja. Mwingine huenda mpaka mwisho, hugonga, hurudi. Ukijua huo wa pili umechelewa kwa muda gani, unajua cheche imetokea umbali gani.

Kwenye skrini vilianza kuonekana vidoti. Mwanzoni kimoja hapa, kimoja kule. Alivyozidi kupandisha msongo, vikaanza kurundikana mahali pamoja.

"Pale," akasema, akashusha msongo upesi asije akaiua kebo kwa kuipima.

Jioni tukarudisha umeme. Kesho yake asubuhi tukazima tena, tukafuata njia ya kebo kwa kifaa cha kuitafutia ardhini na gurudumu la kupimia. Umbali ule ukatufikisha ndani ya ua wa nyumba ya watu, kando ya michongoma.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane. Tulimkuta anachekecha unga wa ulezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja na majembe, kuna msiba?"

Nikamweleza. Akaniambia Jumamosi ile mjukuu wake wa kike anaagwa, anakwenda kuolewa kijijini Kaoze, na ua wote utajaa wageni. Lakini pale michongomani, akasema, tuchimbe tu, mradi tufukie vizuri.

Vibarua tuliokuja nao wakachimba. Tulipoifikia kebo nilishuka shimoni mwenyewe, nikaifuta udongo kwa viganja. Ilikuwa nzima, kavu, inang'aa kama ilitoka kiwandani jana. Nikaipapasa huku na huku. Hakuna kitu. Kule juu vibarua walikuwa wameegemea majembe, wakitazama pembeni kwa adabu. Nilikuwa nimezima umeme wa hospitali ili nije kuangalia kebo nzima. Masikio yaliniwaka.

Mtaalamu wa Mbeya akachuchumaa ukingoni. "Mashine imehesabu kebo," akasema. "Sisi tumehesabu ardhi."

Tukatazamana. Wanaofukia kebo, wakifika kwenye jointi, yaani pale vipande viwili vinapounganishwa, huacha mzunguko wa ziada, ili siku ikiharibika fundi apate urefu wa kukata. Mzunguko ule mashine inauhesabu. Miguu yetu ilipita juu yake bila kujua. Maana yake tulikuwa tumepitiliza. Tukarudi nyuma na kifaa, hatua kwa hatua, mpaka mlio wake ukaanza kupanuka na kutapakaa, kama inavyotokea kebo inapojikunja. Tulikuwa tumesimama mbele ya ukuta wa banda la udongo nyuma ya jiko la bibi.

"Humo hapana," bibi akasema. Alikuwa amekuja kutusimamia.

Ndani ya banda kulikuwa na mapipa yaliyofunikwa kwa magunia, na harufu tamu ya pombe ya ulezi.

"Inaumuka," akasema. "Ukiitikisa sasa, itaharibika. Wageni wa Jumamosi watakunywa nini, umeme?"

Vibarua wakacheka. Mimi nikaacha Kiswahili, nikamwomba kwa Kifipa, kama ambavyo ningemwomba mama yangu. Akanisikiliza, kisha akaniuliza umeme huo unakwenda wapi.

"Hospitali. Na wodi ya watoto njiti imo."

Akavuta kanga yake mabegani.

"Mimi nilizaa mmoja wa hivyo," akasema. "Wakati huo mashine hatukuwa nazo. Nilimfunga hapa kifuani, nikalala naye na kuamka naye, baridi yote ile ya Juni na Julai."

Nikaogopa kuuliza, lakini nikauliza. "Akaishi?"

"Yule pale." Akanyoosha kidole kwa jitu la mtu lililokuwa linapasua kuni upande wa pili wa ua, limevua shati, shingo kama ya fahali. Nikashindwa kujizuia, nikacheka, naye akacheka mpaka akashika goti.

Masharti yake yalikuwa haya: tusiingie bandani, tusigonge chini kwa sululu, tupite chini ya ukuta kutoka nje. Tukakubali. Tulichimba kwa majembe mafupi na kwa mikono, tukaegemeza ukuta kwa magogo ili usitushukie. Mwanawe aliacha kuni akaja kubeba udongo kwa karai, bila kuambiwa. Kila mara bibi aliingia bandani kusikiliza mapipa yake, akatoka akasema, "Endeleeni."

Mchana tulifika kwenye jointi. Udongo ulioizunguka ulikuwa tope, wakati shimo la michongomani lilikuwa kavu. Bibi aliliona tope lile, uso ukambadilika.

"Hapo juu ndipo ninapoloweka ulezi wa kimea," akasema. "Maji yake namwaga hapohapo, miaka yote. Kumbe mimi ndiye ninayeiharibu?"

"Hapana, mama. Jointi iliyofungwa sawasawa hata ziwani inakaa. Hii aliyeifunga aliacha upenyo. Maji ya mvua yangeufikia hata kama usingemwaga tone."

Alitikisa kichwa, sijui kama aliniamini. Nilimpigia sista simu kumwambia tumeipata. Akasema jenereta inaunguruma vizuri, nifanye kazi yangu.

Tulikata. Nilipofungua jointi ile juu ya gunia safi, shaba ilikuwa imefanya kutu ya kijani, na ndani ya kihami cheupe kulikuwa na mistari ya kahawia, myembamba kama nywele, imetawanyika kama mizizi ya nyasi. Ilikuwa imeanzia nje na kuelekea ndani. Mmoja ulikuwa umebakiza unene wa ukucha kuifikia shaba. Nimeona kebo nyingi zilizopasuka. Hizo hazina mistari, zina tundu jeusi tu na harufu. Hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kuukuta ugonjwa ukiwa bado njiani. Sikufurahi kama nilivyotarajia. Nilikata kipande chenye mstari ule, nikampa mtaalamu wa Mbeya, naye akakigeuza kwenye mwanga.

Kisha tukafunga turubai juu ya shimo kuzuia upepo na majivu ya jikoni, nikanawa mikono mpaka viwiko, nikaanza kuunganisha upya. Kazi ile haitaki haraka. Chembe moja ya mchanga ndani ya jointi ndiyo kilio cha mtu mwingine baadaye. Bibi alikaa kwenye kigoda chake akinitazama nikipitisha moto wa gesi juu ya mpira wa kufunikia jointi mpaka ukajikaza.

"Hiyo itakaa muda gani?" akauliza.

"Nikiifunga vizuri, itanizika."

Jioni, jua likiwa linaelekea kuzama, tulipima. Kihami kilikuwa hakipitishi kitu. Nikawasha, nikampigia sista.

"Umerudi?" akauliza. "Mbona sijaona tofauti?"

"Zima jenereta, sista, kisha niambie."

Nikasikia nyayo zake, kisha ule muungurumo wa nyuma ukakoma, kukawa kimya, na ndani ya kimya kile mtoto mmoja akalia.

"Upo," akasema. "Asante. Nendeni mkale."

Tulifukia na kushindilia taratibu, kwa miguu. Jumamosi nilikwenda kwenye sherehe ya kuaga, kwa sababu bibi alituma mtu kuniita na kukataa kungekuwa utovu wa adabu. Pombe ilikuwa imeiva vizuri. Niliambiwa hivyo na kila aliyepita, maana mimi nilikunywa togwa. Tulikula ugali wa ulezi na migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, iliyoletwa kutoka Kipili. Ukoo wa bwana harusi ulichelewa kwa sababu ya tope barabarani, wakafika wakiimba ili wasamehewe. Shangazi mmoja alinitazama kwa muda, akanisogelea.

"Wewe ni ndugu wa upande gani?"

Bibi akawahi kujibu kabla sijafungua mdomo. "Huyu ni wa upande wa jikoni."

Bibi harusi alilia alipopanda gari, kama inavyotakiwa, kisha akachungulia dirishani akicheka, na gari likaondoka polepole likikwepa madimbwi.

Jumatatu mkuu wangu aliniita. Kile kipande cha kebo nilichompelekea kilikuwa mezani kwake, amekiweka juu ya gazeti.

"Kebo ya sokoni," akasema, "ilifungwa na mafundi walewale?"

"Nadhani ndiyo, mkuu."

"Basi ongea na wafanyabiashara. Watakuuliza kama umeme umekatika."