Watu wa Milimani Hawalii

Mama Cherehani alikuwa mjane, fundi wa nguo, mzaliwa wa milimani. Huko kwao mtu kulia maumivu mbele za watu ni aibu ya ukoo mzima. Siku sindano ya mashine ilipompitia kidole aliichomoa, akafunga kitambaa, akaendelea na sketi ya mteja, binti yake wa pekee akimtazama. Ndivyo alivyomlea, na alijivunia malezi hayo, asikudanganye mtu.

Binti alipojifungua, hospitali ya bondeni ilikuwa imefurika. Manesi karibu wote walikuwa wenyeji wa bondeni, na bondeni mtu akiumwa husema, tena kwa sauti. Kwenye kitanda cha jirani, mzazi mmoja wa palepale alilia tumbo, nesi akaja mbio na dawa, akamsugua mgongo, akamwita shoga. Kwa binti wa Mama Cherehani alipita tu.

"Hawa wa milimani hawana taabu," alimwambia mwenzake huku akicheka. "Roho ngumu. Mwache, huyo mzima."

Mama Cherehani alisikia. Na cha ajabu, alifurahi! Alijiona amesifiwa, mtu mzima na akili zake.

Mtoto mchanga alikuwa salama, kalala fofofo. Aliyekuwa akiomba maji ni mama yake, yule binti. Anakunywa, anaomba tena. Alasiri akaanza kupiga miayo, miayo isiyokuwa ya usingizi. Kisha akaguna, kwa sauti ya chini.

"Nyamaza, mwanangu," mama akamnong'oneza, akitazama huku na huku. "Usituaibishe kwa watu."

Binti akanyamaza, akavuta shuka hadi kidevuni. Mama akamshika mkono amtulize. Mkono ulikuwa wa baridi, kiganja kimepauka.

Akamwendea nesi na adabu zake zote. "Samahani, sista. Mwanangu simwelewi."

"Analalamika nini?"

"Halalamiki."

"Sasa?" Nesi hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa amechoka, na alikuwa ameshaamini alichoamini. Akasogea hadi miguuni pa kitanda. "Bibie, unaumwa?"

Binti akamtazama mama yake kwanza. Kisha akatabasamu kama alivyofunzwa. "Siumwi. Asante."

"Umeona? Nyie watu mmeumbwa kwa mawe." Nesi akageuka aende zake.

Mama Cherehani akamdaka sare. Wodi nzima ikasikia sauti ambayo hata kwenye maziko ya mumewe haikutoka. "Anadanganya! Mimi ndiye niliyemfunza kudanganya! Funua shuka!"

Shuka likafunuliwa. Damu ilikuwa imetapakaa godoro zima, inadondoka sakafuni upande wa ukutani. Nesi akapiga kelele kumwita daktari, na kitanda kikasukumwa mbio hadi chumba cha upasuaji.

Mlango ukafungwa. Mama Cherehani alibaki nje na mjukuu mikononi, kabandika sikio mlangoni, akimwomba Mungu amjalie kumsikia mwanawe akilia, alie tu, apige mayowe, aibu na iwe aibu. Alisikia vyuma vikigongana na watu wakisemeshana harakaharaka. Sauti ya mwanawe hakuisikia.