Mahali pa Kumpisha Mkwe

Mume wangu alikuwa na duka la vitambaa kwenye barabara kuu ya mji wa Kisii, na mwanzoni mwa miaka ya sabini alikuwa akiota magari tu. Yeye na wenye maduka wenzake walikwenda kwenye baraza la mji kuomba wateja waruhusiwe kuegesha mbele ya maduka. Walikubaliwa upesi, maana wakubwa wa baraza nao walikuwa na magari. Vibarua wakaja na chokaa, wakachora mistari pale pale tulipozoea kupita kwa miguu.

"Na sisi tutapitia wapi, baba watoto?" nilimuuliza.

"Kwani veranda imeenda wapi?"

Veranda! Hapo palikuwa na cherehani mbili, mafundi wake na majora ya vitambaa. Kati ya veranda na pua za magari kilibaki kijia cha mtu mmoja. Asiyekitaka aliingia barabarani, akabanana na mabasi ya Kisumu, baiskeli na mikokoteni. Ni Jumamosi tu, sisi Wasabato tulipofunga maduka, ndipo barabara ilipopumua. Nilikuwa nikiitazama kwa hasira hata nikiwa na Biblia kwapani.

Sasa, kwetu Wagusii mwanamke hapigani vikumbo na baba mkwe wake. Hamshikani mikono, hamgusani hata nguo. Mkikutana njiani, mmoja hujitenga kando mpaka mwenzake apite. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na kijijini haina taabu kwa sababu kando ipo. Mjini, kando ilikuwa imejaa magari.

Siku hiyo nilikuwa na kikapu cha ndizi kichwani, watu wananisukuma kwa nyuma, nikamwona baba mkwe anakuja mbele yangu. Alikuwa ametoka kijijini, Nyakoe, anaikokota baiskeli yake kwenye kijia kwa kuyaogopa mabasi. Tulisimama. Nilijaribu kugeuka, mwanamke wa nyuma yangu akanifokea, "Si uende, wewe!" Mzee aliinamisha macho, akaipenyeza baiskeli kati ya magari mawili, akateremka barabarani ili mimi nipite. Mkokoteni uliojaa mawe ya kuchonga kutoka Tabaka ulikuwa unashuka mteremko, na waliokuwa nao hawakuweza kuuzuia. Gurudumu lilipita juu ya mguu wake.

Nilipiga mayowe. Lakini hata pale sikumshika. Wanaume wasiomjua ndio waliombeba. Alipolazwa hospitalini nilipika uji, nikampa mume wangu ampelekee, mimi nikabaki nje chini ya dirisha, nikimsikia mzee akiugua. Alipoulizwa ilikuwaje, alijibu kwamba baiskeli ilimvuta. Alinifichia hivyo, na ikanichoma kuliko kama angenilaumu. Mimi nami sikuthubutu kumweleza mume wangu. Mambo ya chinsoni hayasemwi ovyo kati ya mke na mume. Yeye aliamini kosa ni la baiskeli, akaiuza kwa hasira.

Magari yaliendelea kujipanga. Kila nilipopita pale nilitazama mbele kwanza.

Miezi ilipita, mzee akaja tena mjini, safari hii kwa basi, akitembelea mkongojo. Nilikuwa natoka sokoni. Niliinua macho kwenye kijia kile kile, naye anakuja kutoka upande wa pili. Akasimama. Nikamwona anautazama mwanya kati ya magari mawili, tayari ameshatanguliza mkongojo.

"Hapana, tata!" nilipaza sauti, nikimwita baba kwa lugha yetu.

Nikaanza kurudi kinyumenyume, kikapu kichwani, nikikanyaga watu. Walinitukana, wakaniita mwendawazimu. Nilikuwa nalia na sikujali. Nilirudi hivyo mpaka kona.

Mume wangu alikuwa mlangoni pa duka. Alinitazama mimi, akamtazama baba yake, akautazama ule mwanya na mkongojo uliokuwa umesimamishwa ndani yake. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akamwendea karani mmoja wa kahawa, mteja wake mkubwa kuliko wote, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amezima injini.

"Toa gari."

"Aah! Kwani mimi si kastoma yako?"

"Toa gari," alirudia. "Baba yangu na bibi yangu wanataka kupishana."