Mlima Ndani ya Kioo

Mjomba wangu, tunayemwita Brashi, ni fundi rangi. Mchana kutwa anapaka kuta za watu rangi ya maziwa. Akirudi nyumbani anachora kitu kimoja tu: jua likichomoza nyuma ya mlima wa utotoni mwake. Vilele vilevile viwili, na chini yake kitone cheusi ambacho mimi, kwa ujuaji wangu, nilidhani ni rangi iliyomdondoka. Lakini simama mbele ya picha zile uone kama mwili hautakusisimka.

Bibi, mama yake, alipohamia kwetu miguu ikiwa imemgomea, aliomba jambo moja: akiamka, auone mlima wao. Mjomba akajifungia chumbani mwa Bibi siku tisa, akichora ukuta mzima. Tulipomwingiza Bibi, alfajiri ilikuwa imejaa mle ndani, zambarau ikiyeyuka kuwa dhahabu. Bibi aliutazama mlima kwa muda mrefu.

"Mzuri, mwanangu. Ila si wetu."

Mjomba alinywea. Miaka arobaini ya kuchora! Akaenda kuleta ndoo ya rangi nyeupe aufute.

Nikabaki namfunga Bibi kilemba, ameupa mgongo ule ukuta. Nilipompa kioo ajitazame, alinishika mkono kwa nguvu.

"Ndio huu! Kilele kirefu upande wa kisima chetu! We Brashi, njoo!"

Mjomba akaja na ndoo yake, akaiacha mlangoni, akachungulia kioo juu ya bega la mama yake, kisha akaketi sakafuni.

"Kitanda changu cha utotoni kilielekea kabati, Mama," akasema polepole. "Mlima nilikuwa nauona kinyume, kwenye kioo cha kabati."

"Saa ngapi hiyo? Mimi nilikuwa natoka kwenda kazini ndiyo kwanza kunapambazuka, nanyata nisikuamshe. Ulikuwa umelala fofofo!"

"Sikuwa nimelala."

Akajivuta hadi ukutani, akaweka kidole kwenye kile kitone cheusi.

"Nilikuwa nakusindikiza kwa macho mpaka unafika hapa. Kila siku."

Niliona aibu kwa ujuaji wangu, na machozi yakanitoka bila ruhusa. Ndoo ilibaki mlangoni, haijafunguliwa.

"Nisogezeni ukutani," Bibi akasema. "Na mimi nijione."